Vila juu ya maji Maldivi, ufukwe wa Unguja na Pemba, au kisiwa cha hapa hapa ziwani? Ulinganisho wa mtu wa Mwanza

Mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, anaolewa Desemba na kila siku ananitumia picha ile ile. Unaijua. Nyumba ya makuti imesimama kwenye nguzo, maji ya bluu mpaka unahisi yametiwa rangi, ngazi inashuka moja kwa moja baharini, na dada mmoja kajilaza kwenye wavu uliotandazwa juu ya maji anakunywa dafu. "Dada, niende hapa au Zanzibar?" Mchumba wake naye mtoto wa Ukerewe, kila wakianza hiyo mada anachomekea Rubondo, kisiwa cha hifadhi humu Ziwa Victoria, anasema mnataka kupanda ndege tatu kutafuta kisiwa wakati nyumbani visiwa vimejaa mpaka vingine havina watu.

Wananiuliza mimi kwa sababu kote huko nimeshalala. Maldivi nilienda na baba watoto tulipofikisha miaka kumi ya ndoa (tulidunduliza kwenye kikoba miaka mitatu, msije mkadhani), Unguja na Pemba nimeenda mara kadhaa, Rubondo mara mbili. Mama mkwe alipoona picha zetu za Maldivi alisema neno moja tu: "Mwanangu, mmelipa mamilioni kulala juu ya maji? Mbona wavuvi wa dagaa hapa Igombe wanalala juu ya maji kila usiku na asubuhi wanarudi na hela."

Sasa mi sitaki kumpinga mama, ila tulinganishe vizuri.

Nimeangalia nini

Uzuri wa picha nimeuweka pembeni maana picha zote nzuri. Nimeangalia maji yenyewe yakoje, hela yote mpaka unarudi nyumbani na siyo bei ya chumba peke yake, safari ukianzia Mwanza, msosi, mchana unafanya nini, na kama umeongozana na watoto au wazee. Msimu nitaugusa kidogo tu.

Maji

Hiki watu wengi hawakiulizi na ndicho kinachoamua kila kitu. Vila ya juu ya maji haijengwi popote, inataka maji yasiyopanda na kushuka sana na yasiyopigwa na mawimbi makubwa. Za kwanza zilijengwa 1967 kisiwa cha Raiatea kule Polinesia ya Kifaransa ambako kupwa na kujaa karibu hukuoni, na Maldivi zimeota kama uyoga kwa sababu hiyo hiyo, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa ni kama mita moja hivi na nje kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajafika kwenye nguzo zako. Kwa hiyo asubuhi, mchana, jioni, ukishuka ngazi maji yapo. Hilo ndilo unalolipia kwa kweli.

Ila kuna kitu picha haisemi. Ile laguni ya bluu iliyotulia mara nyingi chini ni mchanga mtupu, samaki wa kuhesabu. Ukitaka kuvaa miwani na mrija uone matumbawe na samaki wa rangi zote, uliza kabla ya kulipa kama mwamba uko karibu kiasi cha kuogelea kutoka kwenye ngazi au mpaka mpandishwe boti, na uliza hali yake ikoje sasa hivi, maana matumbawe ya Maldivi yaliungua kwa joto la bahari 1998, 2016 na tena 2024, na siyo kila mahali yamepona.

Yetu ilikuwa na kipande cha kioo kwenye sakafu, upande wa miguuni mwa kitanda. Usiku wanawasha taa chini, samaki wadogo wanakuja kwenye mwanga, halafu anapita papa mdogo, wa urefu wa mkono hivi, ana ncha nyeusi kwenye pezi la mgongoni. Tulikaa chini kwenye sakafu kama watoto, tukasahau hata kwenda kula. Lakini saa nane usiku baba watoto kaniamsha, "kuna mtu anagonga". Maji yanapiga nguzo, ko, ko, ko. Mwanaume kazaliwa Igombe, kaogelea tangu hajaanza shule, usiku ule hakulala mpaka alfajiri. Kama usingizi wako mwepesi lijue hilo.

Unguja ni hadithi nyingine. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanaweza kupanda na kushuka karibu mita nne. Nenda Paje, Jambiani, Bwejuu au Matemwe asubuhi maji yakiwa yametoka, bahari imekimbia huko, unaona wanawake wanakwenda kwenye mashamba ya mwani kwa miguu. Simamisha vila kwenye nguzo hapo, nusu ya siku utakuwa unaishi juu ya mchanga wenye majimaji na kaa. Ule mgahawa wa The Rock pale Michamvi Pingwe ndio mfano mzuri, maji yakitoka unaufikia kwa mguu, yakijaa unavushwa na boti. Ndiyo maana Zanzibar asilimia kubwa ni vyumba vya ufukweni, vya juu ya maji ni vichache, na mtu anayetaka kuogelea saa yoyote anaambiwa aende Nungwi au Kendwa ambako maji hayakimbii sana.

Pemba wao wamelizunguka tatizo kwa akili. The Manta Resort, kule kaskazini upande wa msitu wa Ngezi, tangu 2013 wana chumba kinachoelea baharini, kimefungwa nanga mbali na ufukwe. Kina ghorofa tatu, juu unaota jua na kuangalia nyota, katikati usawa wa maji kuna sebule na choo, chini kitandani uko kama mita nne ndani ya bahari umezungukwa na vioo. Kwa kuwa kinaelea, maji yapande yashuke chenyewe kinayafuata. Sijalala humo, nimekiangalia tu kutoka nchi kavu na kumeza mate.

Ziwani sasa. Ziwa halipwi wala halijai kwa siku, hapo tumeshinda. Lakini kuna mamba, kuna viboko, kuna kichocho, na Rubondo kuogelea hakuna, usibishane na askari. Na ziwa linapanda kwa miaka. 2020 na tena 2024 tuliona wenyewe maji yalivyoingia kwenye bustani za watu pembeni ya ziwa. Kwa hiyo ziwani unakaa kando ya maji, unayaangalia, unapita juu yake na boti. Kama roho yako inataka kujitumbukiza, hapa utaumia.

Hela

Maldivi vila za juu ya maji zinaanzia kama dola 400 kwa usiku zile za kawaida na hakuna mwisho, zipo za elfu kadhaa. Tatizo siyo hiyo, tatizo ni alama mbili za kujumlisha. Ukiona "dola 600++" tulia uchukue kikokotoo. Unaongeza asilimia 10 ya huduma, inakuwa 660. Juu ya hiyo kodi ya utalii asilimia 17 (imepanda Julai 2025, zamani ilikuwa 16), inakuwa 772 na senti. Halafu kodi ya mazingira, tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku kwenye resoti, wawili ni 24. Jumla 796. Usiku mmoja. Na hapo hamjafika, kwa sababu ndege ya kutua majini inaweza kula dola 400 mpaka 600 kwa kila kichwa kwenda na kurudi. Boti ya kasi ni rahisi zaidi lakini inafaa kwa visiwa vya karibu na Malé, mji mkuu wao, tu.

Ipo njia ya kati ambayo ningeijua mapema ningeifuata. Maldivi ina visiwa wanavyoishi wananchi wa kawaida, kama Maafushi, na kuna nyumba za wageni za bei ya kibinadamu, hata kodi ya mazingira kwenye zile ndogo ni dola 6. Unalala huko siku tatu, unakwenda vila siku moja au mbili, picha umepata, ngazi umeshuka, papa umemuona. Masharti ni kwamba kwenye visiwa hivyo pombe hakuna kabisa na bikini unavaa kwenye ufukwe uliotengwa tu.

Zanzibar wewe Mtanzania una kadi mkononi. Ile bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wa nje, haikuhusu. Uliza bei ya wakazi, beba kitambulisho cha NIDA, na usione aibu kupiga simu hotelini moja kwa moja badala ya kubuku kwenye mtandao, mara nyingi bei inashuka. Jambiani na Paje unapata chumba safi chini ya laki mbili, na ukitaka kujimaliza kuna kisiwa cha Mnemba, ambacho kwa kichwa kimoja usiku mmoja ni zaidi ya dola elfu moja. Kile chumba cha Pemba nacho si cha mchezo, kinapita vila nyingi za Maldivi.

Rubondo kiingilio kwa Mtanzania unalipa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa Mzungu. Kulala kuna nyumba za TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) za bei nafuu na kuna kambi ya kifahari yenye huduma zote. Kinachokula hela ni boti. Mkienda wawili mnabeba gharama ya boti nzima, mkienda sita inagawanyika na hamuisikii. Mara ya kwanza tulienda wawili. Mara ya pili tukajaza shemeji wote.

Safari

Rubondo ndiyo karibu na imezidi kuwa karibu. Tangu Juni 2025 unapita daraja la JP Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kama kilomita tatu, dakika chache uko Sengerema. Nani anakumbuka foleni ya kivuko kwa hamu? Mi hapana. Unapita Geita, halafu ama unashuka Nkome uchukue boti ndefu, ama unaendelea mpaka Kasenda upande wa Muganza ambako maji ni mafupi zaidi. Mimi ningependekeza Kasenda kwa wanaoogopa mawimbi. Wenye hela kuna ndege ndogo, kisiwani uwanja upo.

Zanzibar unapanda ndege Mwanza hadi Dar, halafu boti kama saa mbili au ndege nyingine fupi. Wa bajeti ndogo wanachukua basi Nyegezi hadi Dodoma, wanadandia SGR hadi Dar, halafu boti. Inachosha ila inawezekana. Pemba ongeza kandege hadi Chake Chake na gari mpaka kaskazini.

Maldivi sasa. Mwanza, Dar, halafu Doha au Dubai, halafu Malé, halafu ndege ya majini. Viza ni bure ukifika, siku 30, ila uwe na tiketi ya kurudi na sehemu ya kulala iliyolipiwa, ujaze fomu yao ya mtandaoni inayoitwa IMUGA ndani ya saa 96 kabla ya kusafiri, na kadi ya homa ya manjano iwe mkononi. Konyagi acha nyumbani, hata uliyonunua dyuti frii, wanaichukua uwanjani. Mzigo kwenye ndege ya majini ni kilo 20 na 5 za mkononi, begi la kanga saba na viatu vya harusi litakugharimu.

Na hizo ndege za majini haziruki usiku, wala jioni giza likikaribia. Yetu ya kutoka Dar ilichelewa, tukakosa ya kuunganisha, tukatua Malé saa kumi na moja jioni. Ndege ya majini hamna mpaka kesho. Tukalala Hulhumalé kwenye kihoteli kidogo kinachotazama ukuta, kwa hela yetu, huku vila tuliyoilipia ikilala bila sisi. Nilipoomba watufidie ule usiku nilijibiwa kwa tabasamu zuri sana na barua pepe fupi. Kwa hiyo tafuta ndege inayotua Malé asubuhi au mchana mapema, au chagua kisiwa kinachofikika kwa boti. Tena ukiweza panga usiku wa kwanza ulale karibu na uwanja makusudi.

Msosi

Maldivi kisiwa kimoja, hoteli moja. Ukishafika hakuna mama ntilie, hakuna duka la Mangi, unakula kwao kwa bei yao. Sisi tulichukua kifungua kinywa na chakula cha jioni tukasema mchana tutajibana, siku ya pili njaa ikatushinda, baga mbili na soda mbili tukalipa karibu dola 90. Nilikaa na ile risiti mkononi nikaipigia hesabu ya sato. Chukua bei yenye milo na vinywaji vyote ndani, hasa kama mnakunywa. Kitu nilichopenda ni mas huni, jodari aliyechambuliwa na nazi, kitunguu na pilipili, na roshi ambayo ni chapati kavu ya kwao, ukila asubuhi unajiona uko kwa mjomba pwani.

Zanzibar hilo tatizo hakuna, hoteli ikiwa ghali unatoka nje, urojo, pweza, mkate wa ufuta. Ila mwezi wa Ramadhani mchana uwe na adabu ya kula ndani.

Rubondo ukilala kwenye kambi ya kifahari unapikiwa vizuri, ukilala nyumba za TANAPA fanya shopingi Geita.

Mchana kutwa

Maldivi unaogelea, unalala, unaogelea. Siku mbili ni pepo, siku ya tatu baba watoto alikuwa anahesabu mbao za daraja (alifika mia nne na kitu). Siyo kasoro, kuna watu kazi imewachosha na wanataka hicho hicho. Ukienda kati ya Juni na Novemba kuna samaki taa wakubwa wanaoitwa manta wanaojaa ghuba ya Hanifaru kwenye Atoli ya Baa, hapo utatoka nje.

Zanzibar hata wiki mbili hazitoshi, Mji Mkongwe, Jozani kwa kima punju, na ukivuka mpaka Mafia kati ya Oktoba na Februari unaogelea na papa potwe.

Rubondo sasa mi nina upendeleo, nasema kabisa. Ni hifadhi tangu 1977. Sokwe wake waliletwa na Wajerumani wa Frankfurt kati ya 1966 na 1969, kumi na saba, wengine walikuwa wametoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa msituni wajitegemee na wakaweza. Unawafuata kwa miguu na mwongozo, siku nyingine unawasikia tu wanapiga kelele juu huko na hamuwaoni. Kuna tembo, twiga, nzohe wanaojificha kwenye mafunjo. Usiku mbalamwezi ikiwa haipo, taa za wavuvi wa dagaa mbali huko zinajipanga kama kuna mji katikati ya ziwa. Hiyo Maldivi hawana.

Watoto, wazee, msimu

Vila ya juu ya maji na mtoto wa miaka mitatu ni kazi ya ulinzi, nyingi hazina ukuta kwenye baraza na hoteli nyingine hazipokei watoto wadogo humo. Chukua ya ufukweni. Wazee ngazi na madaraja marefu yanawachosha, omba gari dogo la umeme. Zanzibar ndiyo rahisi zaidi kwa familia. Rubondo watoto wakubwa wanaifurahia, wadogo boti inawatisha.

Maldivi kukavu ni Desemba hadi Aprili na bei ndiyo inakuwa juu, Mei hadi Oktoba kuna mvua na upepo lakini punguzo ni la maana. Zanzibar kwepa Aprili na Mei, hoteli kadhaa hufunga kabisa. Rubondo Juni hadi Septemba.

Kwa hali yako

Kama ni fungate, mmechoka na maandalizi, hamtaki kuona ndugu wala kamati, na hela ipo bila kukopa, Maldivi usiku nne zinatosha. Zikizidi hapo unalipia mbao za kuhesabu. Hela ikiwa nusu, gawanya, kisiwa cha wananchi kwanza, vila mwishoni, usianze na vila maana baada yake kila chumba kitaonekana stoo.

Kama mnataka bahari, mnapenda kutembea na kula nje, au mna watoto, nendeni Unguja, ila kabla ya kubuku angalieni kalenda ya mwezi. Siku za maji mafu, yaani bahari haipandi wala kushuka sana, ufukwe wa mashariki unaogeleka vizuri zaidi kuliko siku za bamvua.

Kama ni ile ndoto ya kulala na bahari imekuzunguka lakini pasipoti huna, Pemba chumba kile usiku mmoja, mbili zilizobaki ufukweni kwao hapo hapo.

Kama una siku tatu tu, hupendi viwanja vya ndege, au ni mtu wa wanyama na ukimya kuliko kuogelea, Rubondo, na jazeni boti.

Na kama shida ni kutoka tu mjini Jumamosi uone maji ukiwa kisiwani, kuna Saanane, boti dakika chache kutoka Capri Point, asubuhi unakwenda, jioni uko Kirumba unakula sato. Mdogo wangu nimemwambia waanze na hiyo wikiendi hii, maana mchumba mwenyewe mtoto wa Ukerewe amekiri juzi kwamba Saanane hajawahi kufika.